Hatua Kumi na Mbili kwa Tisa

Mashine ilikuja juu ya mkokoteni,
imefungwa kamba ya katani kama mbuzi wa mahari.
Miaka thelathini na moja baba aliisukuma
kwenye nyasi za watu, kule Casuarina,
na siku mwenye nyumba aliporudi kwao moja kwa moja
akampa hiyo badala ya mafao.
"Si haba," alisema baba.
Mama hakusema. Aligeuza ugali.

Haina injini. Hainywi petroli.
Ina mpini wa mti uliolainishwa na viganja,
magurudumu mawili, na visu vitano vilivyojipinda
vinavyozunguka kuukwangua ulimi mmoja wa chuma usiosogea.
Ukisukuma inasema. Ukisimama inanyamaza.
Haina siri nyingine.

Lakini nyasi za kukata hatukuwa nazo.
Uwanja wetu wa Barani ulikuwa mchanga mtupu,
na mama alishaupima kwa macho:
huku mchicha, kule mihogo, ukutani kunde.
Baba akatoka na kikapu, akarudi na vipando vya ukoka,
akavichomeka kimoja kimoja, kapiga magoti,
hatua kumi na mbili kwa tisa.

"Ukoka hauliwi, Baba Kadzo."
"Najua."
"Bora basi ungefuga ng'ombe."
"Nimekata nyasi za watu tangu Kadzo hajazaliwa.
Sijapata kuzikalia hata siku moja."

Jumamosi, umande ukishakauka, alinifundisha.
Kwanza okota: kifuu, kokoto, kibanio cha nguo,
maana kijiti kimoja tu kinaitia mashine nzima kwikwi.
Usiache zirefuke. Zikipita kifundo cha mguu
zinainama, zinaipisha, kisha zinainuka kukucheka.
Makali yajaribu kwa karatasi ya gazeti;
kama hayakati habari, hayatakata nyasi.
Futa mafuta kila ukimaliza, hewa ya hapa ina chumvi,
na chumvi haina rafiki wa chuma.
Na usikimbie, wala usikawie.
Tembea kama mtu anayekwenda kudai deni dogo.

Mbeyu wa jirani alipenyeza kichwa uani:
"Nina beberu wawili, nikukodishe?"
Kaka yangu Ngumbao akaleta ya petroli toka Mtwapa.
Ikanguruma Jumapili moja,
ikarusha kokoto kwenye kioo cha dirisha,
ikarudi Mtwapa.

Mwaka huu bega la baba limekataa.
Limekataa tu; mkono haupandi kupita kifua.
Mvua za masika zikaunyanyua ukoka,
naye akakaa barazani akiutazama
kama mtoto wa kwake aliyegoma kuoga.
Hakuniita. Angejua nina zamu za usiku,
au angeona haya, sijui.

Asubuhi moja natoka kazini, bado niko kichochoroni,
nikasikia: cheke-cheke-cheke. Kimya. Cheke-cheke.
Mama. Leso kiunoni, miguu mitupu,
anasukuma kwa tumbo kuliko kwa mikono,
mistari yake imekwenda mrama kama mwandiko wa darasa la kwanza.
Vipande vya ukoka vimemganda hadi magotini.
Dirishani sauti ya baba:
"Unapinda kushoto."
"Lala."
"Rudi juu ya alama ya gurudumu."
"Nimesema lala!"
Akainama, akaokota jiwe, akalifunga pindoni mwa leso
kama kwamba ni sarafu.

Kando ya bomba pana ukanda uliolimwa.
Hakuna aliyeutangaza.
Udongo umeloa, na mchicha ushatoa masikio mawili mawili.
Nilipita nikihesabu kwa miguu yangu yenye usingizi:
ukoka sasa ni hatua kumi kwa tisa.

Baba naye najua amehesabu.
Jioni tulikula sote nje, juu ya nyasi,
sahani katikati.
Hakusema kitu. Aliomba aongezwe mboga.